Wingu la Bwana Hallin

Jumatano, 10 Juni 1953

Msiba! Bwana Hallin amemaliza picha. Ametangaza leo wakati wa kahawa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo. Imebaki kukauka tu. Ikikauka ataifunga, apande meli ya mjini Göteborg na kwenda zake. Shangazi Tekla alimimina kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani.

Nimeiona picha yenyewe. Miamba ya rangi ya waridi iliyolala kama sili wa baharini, banda jekundu la mashua la mzee Torkel, bahari, na juu ya vyote wingu moja kubwa. Ni nzuri mno. Ningependa iwe mbaya, airudie.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenitazama. Tangu baba aanze kusafiri na meli, nyumba hii imekuwa na sauti mbili tu: saa ya ukutani, na shangazi akigonga mihuri ya posta. Lakini wiki tatu zilizopita Bwana Hallin alipanga chumba cha juu, na sasa shangazi anaimba. Anaimba vibaya. Sitaki aache.

Ila watu hawa wawili! Bado wanaitana kwa vyeo. "Bwana Mchoraji ataongezewa mkate wa iliki?" "Ikiwa Bibi Posta ataona inafaa." Wiki tatu! Na kwa desturi mwanamke ndiye wa kutangulia kusema vyeo viwekwe kando, watu waitane majina. Shangazi humfokea mkaguzi wa posta bila kupepesa macho, lakini hilo hathubutu. Mimi ndiyo siwezi kabisa. Mwaka wangu wa mwisho shuleni nilisema "ndiyo" mara tisa, basi.

Kwa hiyo nitatenda. Picha haitakauka.

Ijumaa, 12 Juni

Mpango wa kwanza. Kitu kilichowekwa penye unyevu hakikauki, kila anayefua anajua. Bwana Hallin alipokwenda kutembea nilifungua madirisha yote ya chumba chake, ukungu wa bahari ukaingia. Kisha nikatundika shuka tatu mbichi kuizunguka picha. Akili hiyo!

Akarudi mapema. Nikajificha nyuma ya shuka. Akaisalimia shuka kwa heshima. Akasema ananishukuru sana kwa kufungua madirisha, maana rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Inakaushwa na hewa. Kadiri inavyopata hewa ndivyo inavyokauka upesi.

Nikasema "ndiyo". Mara ya kumi.

Jumapili, 14 Juni

Wote wawili walikuwa kanisani. Nilisema kichwa kinaniuma. Nimegusa miamba kwa kidole: mikavu. Banda: kavu. Bahari, kavu! Ni mimi niliyeikausha!

Halafu nikagusa wingu. Bichi! Kidole kilitoka cheupe.

Kwa nini wingu peke yake? Nimefikiri mpaka chakula cha mchana. Kumbe shuka moja ilikuwa imening'inia upande wa juu. Shuka zinafanya kazi, ila lazima ziwe juu.

Jumatatu, 15 Juni

Wingu bado bichi. Nimezipandisha shuka zote hadi darini. Bwana Hallin sasa huingia chumbani kwake ameinama, kama anaingia hemani, na haulizi chochote. Mtu mpole. Kila asubuhi huja kunywa kahawa na rangi nyeupe kwenye mkono wa shati. Nitamfulia.

Jumanne, 16 Juni

Siwezi kutegemea shuka peke yake. Mpango wa pili: kitu kilichochorwa kikibadilika, mchoraji atachora upya. Saa kumi na moja alfajiri, jua la kiangazi limeshatoka, nilipaka mlango wa banda la mzee Torkel rangi ya kijani.

Kufikia saa mbili kijiji kizima kilikuwa gatini. Torkel alimgeukia mzee Evald, ambaye ameketi naye benchi moja kwa miaka thelathini. "Ni wewe, jitu la wivu!" Evald akajibu kwamba angekuwa na rangi ya kuchezea, angeanza na pua ya Torkel, inayotisha samaki. Sasa benchi lile lina wazee wawili waliopeana migongo.

Nilitaka kukiri. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Na Bwana Hallin? Aliutazama mlango, akaitazama picha, akacheka. Akasema kwenye picha yake utabaki mwekundu, ndivyo anavyotaka kuukumbuka. Kuukumbuka! Nimevunja urafiki wa miaka thelathini bure.

Alhamisi, 18 Juni

Shangazi ameacha kuimba. Meli ni Jumapili. Nimemkuta jikoni akisugua kidole gumba kwa mafuta ya taa. Akasema ni wino wa mihuri. Kidole kilikuwa cheupe. Sijui posta siku hizi wanatumia wino gani.

Wingu bado bichi! Shuka zangu hizo.

Ijumaa, 19 Juni

Mkesha wa sikukuu ya kiangazi. Mlingoti wa majani na maua umesimamishwa uwanjani, meza zimetolewa nje, samaki wa chumvi na viazi vipya, fidla.

Kabla ya kula Bwana Hallin aliileta picha mezani kwetu. Akasema kuna jambo. Kwenye wingu kuna alama za vidole.

Nikaanza kuteleza chini ya meza.

Akasema hana hasira. Anataka tu kujua ni nani anayekuja kila siku kupima kama picha imekauka. Maana yeye analipaka upya lile wingu kila asubuhi akiziacha alama hizo, siku ya tisa leo, na mkono umeanza kumuuma.

Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Ni mimi," alisema shangazi, mwekundu kuliko banda.

Nikawaza: ananiokoa! Akainua kidole gumba. Nikazitazama zile alama vizuri. Zilikuwa za aina mbili. Ndogo zangu, tano. Na za gumba, pana, zimejaa ukingo mzima wa wingu. Sikuweza hata kuzihesabu.

Shangazi akashika glasi yake kwa mikono miwili. "Bwana Mchoraji," akaanza. "Hapana. Tuviweke vyeo kando. Mimi ni Tekla."

"Rutger," akasema yeye, na glasi yake ikamwagikia viazi.

Wakakaa wakitazamana kama watu walioshushwa kwenye gati wasilolijua. Mwishowe shangazi akasema, polepole sana, "Kula, Rutger. Vinapoa."

Nililia kidogo ndani ya kitambaa cha meza. Kwenye meza ya pili Evald akatangaza kwamba mlango wa kijani kaupaka yeye, zawadi ya sikukuu. Watu walikuwa wameusifu siku nzima. Torkel akasogea, akampa nafasi. Sikumkatalia Evald.

Jumapili, 21 Juni

Meli imeondoka bila Bwana Hallin. Picha inaning'inia sebuleni, pamoja na alama zote za vidole. Amesema hatazifuta. Jikoni sasa wanaimba wawili. Yeye anaimba vibaya kuliko shangazi.

Nimepitia mipango yangu kwa utulivu. Shuka: zilifanya kazi kupita nilivyotarajia. Bwana Hallin anasisitiza kwamba wingu lilikuwa bichi kwa sababu alikuwa akilipaka. Mtu mpole, hataki nijivune. Mlango: umewapatanisha Torkel na Evald. Sioni mpango hata mmoja ulioshindwa.

Mpiga kinanda wa kanisa na Bibi Hedda wa duka la mikate wameitana kwa vyeo miaka sita sasa. Nimepita pale leo. Mlango wa duka ni wa bluu.

Bado nina nusu kopo la rangi ya kijani.