Karai la Chimichanga ya Kwanza

Kwenye gulio la Jumamosi palikuwa na rundo la makarai yaliyoungua, yakiuzwa kwa kilo. Watu wengine waliona vyuma chakavu. Evaristo Quijada aliona bibi za watu.

Maana katika mji wa Tucson hakuna mkahawa usio na bibi yake. Kila bibi, ukiwasikiliza wajukuu, ndiye aliyeangusha burrito, ile chapati iliyoviringishiwa nyama na maharage, kwa bahati mbaya ndani ya mafuta ya moto, akataka kutoa tusi, akawaona watoto, akalikunja tusi katikati likatoka neno lisilo na kichwa wala miguu: chimichanga, na hilo likabaki jina la burrito ya kukaangwa. Ni bibi wengi mno kwa burrito moja, lakini usimwambie mtu hivyo akiwa ameshika kisu cha nyama.

Evaristo mwenyewe hakuwa na nyumba wala mke, na kazi ilimwogopa. Alikuwa na gari, Impala ya zambarau, iliyoshushwa hadi karibu kulamba lami, yenye kiyoyozi cha kugandisha pua. Mwezi wa Juni, jua la mji ule linapowafukuza hata mijusi, mwenye kiyoyozi ni mfalme. "Nitauza figo kwanza," alizoea kusema akiulizwa bei ya gari, na watu walimwamini, kwa kuwa alishawahi kuuza figo ambazo hazikuwa zake.

Aliyabeba makarai yote, akaanza na Don Rosendo Bracamonte, mwenye mkahawa mkubwa kuliko yote kwenye barabara ya mikahawa.

"Don Rosendo, kaa chini kwanza. Hili ndilo karai lenyewe. La marehemu bibi yako."

"Umelipata wapi?"

"Hayo tuyaache. Ila jirani yako wa ng'ambo ya barabara ananipigia simu tangu asubuhi, na mimi nina heshima zangu kwa marehemu."

Don Rosendo hakumwacha amalize. Baada ya wiki moja, kila mkahawa wa barabara ile ulikuwa umetundika karai ukutani, limemulikwa taa, na wageni wanalipiga picha kabla ya kuagiza chakula. Hakuna aliyeshtuka. Kila mmoja aliyatazama makarai ya wenzake, akawahurumia kwa kutapeliwa.

La mwisho alilinunua Doña Ofelia Yescas, mwenye kijimkahawa cha meza chache na feni moja mbovu. Alilipa bila kupunguziwa hata senti. Tapeli mwenye akili angekimbia hapo hapo. Evaristo alikula kwanza, akashiba, akarudi tena Jumatatu alipoitwa.

Alimkuta ajuza mmoja amevaa nguo nyeusi, amelikumbatia karai, analia kwa kwikwi.

"Huyu ni shangazi yangu Cuca," alisema Doña Ofelia. "Tumekosea, Evaristo. Hili karai si la kwetu."

"Si la kwenu kivipi?" Tayari alikuwa anaupima mlango kwa jicho.

"Mwanangu," alisema ajuza, "tazama hapa mpini ulipopinda. Hili ni la Chona Quijada, yule aliyekaa nyuma ya reli. Nilikuwepo. Burrito ilianguka hivi, pwaa, na Chona akashika mdomo."

Evaristo alikaa bila kukaribishwa. Maisha yake yote alikuwa amewacheka bibi wa mji mzima, isipokuwa mmoja, Chona, bibi yake mwenyewe. Huyo alimpakata akiwa mdogo, akamwambia sikioni: ni mimi, mwanangu, hao wengine waongo watupu. Na yeye alikuwa ameokota karai lake kwenye vyuma chakavu, akaliuza.

"Nirudishie, Doña Ofelia. Nitakupa mara mbili."

"Karai linaniletea wateja. Pesa itanisaidia nini na joto hili?" Alijipepea kwa sahani, akachungulia dirishani. "Lile gari lako, kiyoyozi chake kinafanya kazi?"

"Doña Ofelia, tafadhali. Lile gari ndiyo roho yangu."

"Nimeuliza tu, baba. Kuna bwana wa makumbusho anakuja jioni kulichukua karai."

Shangazi Cuca akaongeza kilio kidogo. Evaristo akaweka funguo za gari mezani, akachukua karai.

Alipotoka tu, wanawake wale wawili waliingia ndani ya Impala, wakafunga vioo, wakaelekeza ule ubaridi usoni.

"Ofelia, hebu niambie. Huyo Chona alikuwa nani?"

"Sijui, shangazi. Jina nilimuuliza kinyozi wa Evaristo. Mtu akinyolewa husema yote." Doña Ofelia alikaa vizuri kwenye kiti. "Wajinga hawa. Mji mzima unajua aliyeangusha burrito ni bibi yangu."

Evaristo alitembea kwa miguu adhuhuri, karai limemuunguza mikono hadi akalifunga kwa shati lake. Gari la wageni lilisimama kando. Mume na mke, viatu vyeupe, kofia mpya, nyuso nyekundu.

"Samahani, bwana. Hilo si moja ya yale makarai maarufu? Tunalitaka. Taja bei yoyote."

Kwa mazoea alikwisha kuvipima viatu vyao, na mdomo ukaanza kufunguka wenyewe. Bei yoyote. Hakuwahi kuambiwa neno hilo maishani. Jasho lilimwingia machoni.

"Siuzi," alisema, akaendelea na njia yake.