Mimi na Jaribio Mbele ya Ofisi Nzima

Jamani, leo nimeaibika katika ofisi mbili kwa mpigo, na mwenyewe sikuwemo hata katika moja.

Niwaeleze vizuri. Kampuni yetu inakausha mananasi. Yanamenywa na kukaushwa kijijini Kiwangwa. Meneja na wauzaji wako Dar. Katikati, hapa Bagamoyo mjini, kuna chumba chenye meza nne na mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi, Nassoro. (Wenzangu walihamishiwa Dar mwaka jana. Meza zao nazifuta vumbi mpaka leo, sijui namfutia nani.)

Dar wanaandikiana kwenye programu ya ofisi, ile ya kulipia. Kiwangwa hawaitaki, wanasema inakula bando. Wao wana kundi lao la kawaida kwenye simu. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kunakili. Dar wakiandika, nahamishia Kiwangwa. Kiwangwa wakijibu, narudisha Dar. Kutwa nzima ni "Nassoro waambie hivi", "Nassoro waulize vile".

Wiki iliyopita Dar waliandika kwamba lori lisipakiwe. Mimi nilikuwa msikitini, swala ya Ijumaa. Natoka, nasoma, lori limeshapita Mapinga, linaelekea Dar.

Meneja wetu, Bi Rahma, hakugomba. Alinipigia akasema tu, "Nassoro, hakuna namna hizi programu mbili ziongee zenyewe?"

Ipo. Wenye fani wanaiita daraja. Unaliunganisha huku na huku, na kinachoandikwa upande mmoja kinatokea upande wa pili. Nikamwambia nitalitengeneza. Nilipokata simu ndipo nikawaza: zikiongea zenyewe, mimi nitaandikiwa na nani?

Lakini kazi ni kazi. Leo asubuhi nikakaa nalo. Lina ukurasa wake wa kujaribia. Unaandika pale, na ujumbe unatakiwa uonekane pande zote mbili, ndani ya kundi la majaribio ambalo hamna mtu. Nikaweka majina mawili, moja Nassoro, jingine Jaribio. Nassoro akasalimia. Ujumbe haukutokea popote. Jaribio akaitikia. Nao ukapotea. Nikabadilisha hiki, nikagusa kile, nikaandika tena. Wapi. Sasa mtu akijaribu sana anaishiwa maneno ya maana. Yakageuka mazungumzo.

Nayaweka hapa kama yalivyo, maana mkitaka mtayapata tu kwa watu wa Kiwangwa.

Jaribio: Habari za Bagamoyo?

Nassoro: Salama. Joto.

Jaribio: Uko na nani ofisini?

Nassoro: Na feni.

Jaribio: Na nyumbani?

Nassoro: Feni nyingine.

Jaribio: Hili daraja likikubali, nani atakuwa anakutafuta?

Nassoro: Hapo ndipo ninapowaza. Labda nisilitengeneze.

Jaribio: Litengeneze tu. Mimi nitakuwa nakuandikia.

Nassoro: Ahsante sana, kaka.

(Ndiyo. Nilijiita kaka. Na nilikuwa nimeguswa kweli.)

Kumbe kulikuwa na mambo mawili sikuyajua. Moja, pale pa kuchagua kundi, badala ya "Majaribio" nilikuwa nimebonyeza "Wote". La pili, ujumbe wangu haukuwa unapotea. Ulikuwa kwenye foleni, unamsubiri Bi Rahma aliruhusu daraja kutoka kwake Dar.

Bi Rahma akaruhusu. Aliruhusu akiwa kikaoni, kompyuta yake imeunganishwa na projekta, na mbele yake wamekaa wateja waliokuja kuonja mananasi. Ujumbe ukaanza kushuka ukutani mmoja mmoja, kwa mpangilio mzuri kabisa. Sijawahi kutengeneza kitu kikafanya kazi vizuri namna ile.

Mimi nilijua pale simu ilipotetemeka. Bi Rahma: "Nassoro, Jaribio ndiye nani?" Kabla sijajibu, akaongeza: "Wageni wanauliza kama uko salama."

Nikakimbilia kufuta. Nikafuta mmoja, nikafuta wa pili, nikafuta wote upande wa Dar. Nikashusha pumzi. Halafu nikafungua kundi la Kiwangwa. Kule maneno yangu yote yalikuwa pale pale, na chini yake daraja lilikuwa limetangaza: "Nassoro amefuta ujumbe." "Nassoro amefuta ujumbe." "Nassoro amefuta ujumbe." Hata aliyekuwa hajasoma, akapanda juu kutafuta kilichofutwa.

Fundi wa matanuri ya kukaushia akaandika: "Huyo Jaribio naye kama hana watu, aje huku, kazi ipo."

Nikafunga mlango. (Sijui nilikuwa namzuia nani asiingie.)

Mchana wote Dar na Kiwangwa wakaongea wenyewe, tena bila matatizo. Maboksi, magari, unyevu, mpaka wakaanza kutaniana mpira. Nilikuwa nasoma tu. Hakuna aliyesema Nassoro waambie. Nilisikia mpaka jokofu la jirani likiwaka na kuzima.

Alasiri simu ikalia. Bi Mwanahawa, msimamizi wa akina mama wanaomenya Kiwangwa. Hatujawahi kuonana.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Umelia?"

"Hapana."

"Usinifiche."

"Kidogo."

Nikasikia visu na vicheko nyuma yake. Kisha akasema, "Wewe kila siku unatuletea maneno ya watu. Sisi tukajua umekaa na watu."

Nikamwambia daraja limekaa sawa, sasa waandike moja kwa moja, hawanihitaji tena.

"Nimeona," akasema. "Ndiyo maana nimepiga badala ya kuandika. Jumamosi njoo. Wa kukutania hapa ni wengi, bora wakutanie unawaona."

Nimesema nitakwenda. Suruali ya kwendea nimeshaifua na kuianika.

Basi ndugu zangu, mnaotaka kucheka chekeni, ila msichekee pembeni. Njooni mchekee hapa hapa kwa maandishi, maana tangu mchana kazi yangu imekwisha na simu yangu iko kimya.