Ombi la Kuandikishwa Rasmi Kuwa Mtumwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUTAMBULIWA KUWA MTUMWA WA KAMPUNI

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na harufu ya dawa ya sakafu, maana hiyo hainitoki hata nikioga. Mimi ni yule mama anayesafisha ofisi yako kila asubuhi, yule unayemnyanyulia miguu apige deki bila wewe kukatisha simu.

Juzi ulituita ukumbini ukatusomea tamko lenye jalada la kung'aa, kwamba kampuni yetu haina mtumwa hata mmoja, wala wanaotuuzia bidhaa hawana. Tulipiga makofi. Ilikuwa siku yetu ya kupumzika, na mlango ulifungwa kwa ufunguo ili asitoke mtu akakosa habari njema ya uhuru. Lakini tangu hapo nimekosa raha. Kama kampuni haina watumwa, mimi ni nani? Nimejitafuta kwenye makundi yote ya watu nimejikosa. Basi naomba niandikishwe, nijue moja. Sababu zangu ni hizi:

1. Pasipoti. Siku niliyofika, msimamizi wetu aliipokea mikononi mwangu akasema ni kwa usalama, ndiyo maana tunamwita Bwana Usalama. Sijaiona tena. Sasa mama yangu mzazi yuko kitandani, hali si nzuri. Mdogo wangu anapiga simu: "Dada, mama anakuulizia. Mlango ukilia tu anadhani ni wewe." Nilipoomba pasipoti nikamwone, Bwana Usalama alinijibu kwamba mama wa kila mtu huumwa, na sakafu haijui mama wa mtu. Haya. Mtu huru huenda kumwona mama yake, na mimi siendi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza.

2. Simu ya siri. Bango jipya chooni linasema anayenyanyaswa apige namba ile, atasikilizwa na mtu asiyemjua. Nikapiga. Aliyepokea ni Bwana Usalama, kabana pua ili nisimtambue! Akaniuliza nani ananinyanyasa, nikamtaja yeye. Alikohoa weee, kisha akaniahidi kwamba mtu huyo atachunguzwa vikali. Uchunguzi umekwisha, hana hatia, na mimi nimeongezewa vyoo vya ghorofa zote. Hongereni kwa haki inayokwenda mbio namna hiyo.

3. Wifi yangu. Yeye na mimi tuliletwa na wakala mmoja. Mimi nikapewa deki, yeye akapelekwa karakana iliyo nyuma ya ghala, anakotushonea sare. Tamko linajisifu kwamba karakana hiyo ilikaguliwa, na ni kweli, wakaguzi walifika. Walikunywa chai, wakasifu cherehani. Washonaji wenyewe walifungiwa stoo wasije wakawachosha wageni kwa maneno mengi. Tafadhali mwandikishe na yeye, ili ndugu tusitengane.

4. Hapa ndipo penye uchungu wangu hasa. Sisifu uovu wa zamani, Mungu apishie mbali, lakini nasikia bwana alimlisha mtumwa wake, na akiugua alihangaika asije akapoteza mali. Mimi najilisha, na nikiugua naambiwa nimezidi uvivu. Kwa hiyo naomba niorodheshwe pamoja na mali za kampuni, karibu na ile mashine kubwa ya kusugulia sakafu. Mashine ile ikikohoa kidogo, fundi huitwa siku hiyohiyo. Na kila mwaka hufungwa vizuri kwenye sanduku, ikarudishwa kiwandani kwao kwa matengenezo. Kwao, mheshimiwa! Mashine inakwenda kwao. Mimi nina mama kule, na siendi.

Wala tamko lako halitaharibika. Penye maneno "hatuna mtumwa", ongeza tu "isipokuwa yule wa deki na wifi yake". Jalada libaki lilelile.

Nisalimie nyumbani kwako wote, na zaidi mama yako mzazi. Nilikusikia kwenye simu ukisema umekwenda kumwona na kwamba anaendelea vizuri. Nilifurahi, kweli kabisa, ingawa nilikwenda kulia kwenye chumba cha ndoo. Msalimie na Bwana Usalama, na umpe pole ya pua.

Ni mimi mtiifu wako, kwa kukosa pa kwenda,
Mama wa Deki

Tanbihi: Tafadhali futa ombi langu lote. Nilikuwa nimeshatia sahihi uliponiita mbiombio. Wageni wanakuja kukagua habari za utumwa, na wewe hutaki waone vumbi. Ukanipa ufunguo wa kabati la chuma, ukasema nisafishe mpaka ndani, kisha ukashuka kuwapokea. Sijui ulisahau mna nini humo, au ulisahau kama mimi nina macho. Nimesafisha, mheshimiwa. Hamna vumbi, na hamna pasipoti hata moja. Wenzangu kila mmoja anayo yake, na ya wifi ninayo mimi. Barua hii naiacha mezani waisome wageni, na chini yake nimewachorea njia ya kufika ile stoo ya karakana. Usininyanyulie miguu kesho. Nakwenda kumwona mama.