Mwiko Wangu wa Mtarakwa

Sijui kupika pombe. Haya, nimesema. Kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa nimekana, nimeapa, nimebadilisha mazungumzo, na mara moja nilijifanya nimeshikwa na tumbo la ghafla. Leo nimeumbuka mbele ya watu ishirini na wawili na kuku wao, kwa hiyo hakuna tena cha kuficha.

Mnanijua. Nimesoma mpaka chuo kikuu. Nimeandika makala ndefu kuhusu kazi za mwanamke wa kijijini (ndiyo, makala, chekeni taratibu). Mwaka jana tulihamia Rhotia, kwao mume wangu. Daniel mwenyewe akabaki Arusha kwenye kazi yake ya misitu, mimi nikabaki na mama mkwe na ekari mbili za maharage.

Maharage hayo sasa yamekauka. Ukungu unashuka kutoka Ngorongoro kila asubuhi, na mvua moja tu ya kupotea njia ingeyaotesha yakiwa bado kwenye maganda. Huku hakuna anayevuna peke yake. Unaita majirani, wanang'oa kutwa nzima, nawe unawapa pombe. Pombe ikiwa mbaya, watu hawabaki. Watu wasipobaki, maharage yanaoza. Na mwaka huu wa foleni za sukari na sabuni, maharage ndiyo chakula chetu mpaka mwakani.

Mama mkwe alijitolea mapema. "Mwanangu, nitapika mimi. Wewe utakoroga."

"Hapana, Mama. Najua." (Sijui nani alisema hivyo. Mdomo ulikuwa wangu.)

"Basi chukua mwiko wangu."

Mwiko wake ni wa mti wa mloliondo, mzito kama mchi, mrefu kunifika begani, umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka. Ningeuchukua. Lakini jirani yetu Tekla alikuwa amesimama uani, na Tekla ndiye aliyewahi kusema kwamba mke anayeazima mwiko wa pombe bado ni mgeni. Nikakataa.

Wiki iliyopita nikaenda Karatu kwa Fundi Boay.

"Wa ugali au wa pombe?"

"Wa pombe."

Akanitolea ubao wa podo, mweupe, usio na harufu wala maringo. Nikaanza kumfundisha kazi yake. Podo huliwa na wadudu, nikasema. Nataka mtarakwa. Hauozi, mchwa hawaugusi.

"Mama, hiyo ni sifa ya nguzo. Unajenga boma au unapika?"

Nikamwambia mume wangu ni bwana misitu. Fundi akachukua tezo, akachonga. Jamani, ulikuwa mwiko mzuri! Mwekundu, laini, na harufu yake ilijaa karakana nzima. Nikaunusa njiani kote mpaka nyumbani. (Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama akajiuliza.)

Mama aliuangalia bila kuugusa. "Umeonja?"

"Nionje nini?"

"Mti. Unaloweka kipande kwenye kikombe, kinalala humo. Asubuhi unakunywa yale maji. Hapo ndipo unajua kama ni mwiko au ni kuni."

Nikacheka. Nikasema hayo ni mambo ya zamani, mti ni mti.

"Haya," akasema Mama. Kama mna wakwe, mnajua kwamba "haya" ile si kukubali.

Nikapika. Nusu pipa la uji wa mahindi, saa tatu nzima nikikoroga kwenye moshi, macho yakichuruzika. Ulipopoa nikatia kimea cha mtama alichonipa Mama. Mwiko nikauacha humohumo pipani siku zote za kuchacha, umesimama kama mlingoti wa bendera. Nilijivunia hata kuutazama.

Leo watu wamefika alfajiri. Hadi adhuhuri nusu ya shamba ilikuwa imeng'olewa, marundo yamepangwa vizuri, na mimi nikipita katikati yao kama mwenye mali. Ikafika saa ya kuonja. Mzee Tluway, kiongozi wa kazi, huonja kwanza, wengine wanasubiri.

Akapokea kibuyu. Akanywa funda moja. Akakaa nalo mdomoni muda mrefu mno.

"Mama Neema."

"Naam, Mzee."

"Hii umeipika kwa nini?"

"Kwa mahindi na kimea, Mzee."

"Na vitabu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. "Mimi niliacha shule darasa la tatu," akasema. "Tangu siku ile sijatafuna penseli mpaka leo."

Nikanyakua kibuyu, nikaonja. Penseli! Penseli mpya ya mtarakwa, iliyochongwa sasa hivi, yenye povu juu.

Sasa, mtu mwenye busara angeomba radhi. Mimi nikapaza sauti: "Ni kimea! Kimea kilikuwa kibovu!"

Hata kuku waliacha kudonoa. Hakuna mtu pale asiyejua kimea kimetoka kwa nani. Nilikuwa nimemtukana mama mkwe katikati ya shamba lake, mbele ya kijiji, nikiwa na povu kwenye pua.

Mama alikwenda pipani, akautoa mwiko, akausuuza. Akachota maji safi kwenye bakuli, akayakorogea mwiko taratibu, kisha akampa Tekla. Tekla akanywa. Tekla akatema mbali kuliko nilivyodhani mwanamke wa umri ule anaweza.

"Kimea kiko wapi humo?" akauliza Mama.

(Nimesomea mbinu za utafiti mihula miwili. Sijawahi kuona jaribio safi kama lile.)

Basi watu wakaanza kuondoka, kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Mmoja ndama wake alikuwa amepotea. Mwingine mgongo. Wa tatu alisema tu, "Pole, mwalimu," na mimi si mwalimu. Nusu ya shamba ikabaki imesimama, mawingu juu yake.

Nikajifungia ndani nikalia kidogo. Kisha, kwa ubishi ambao hata mimi unanichosha, nikadandia lori la mahindi hadi posta Karatu. Nilitaka nimpigie Daniel. Nilitaka bwana misitu aseme kwa kinywa chake kwamba mtarakwa hauwezi kuharibu pombe, halafu amwambie mama yake.

Karani akasoma nambari niliyomwandikia, akanitazama. "Hii tena?"

Sikumwelewa, mpaka Daniel alipopokea.

"Mama ameshapiga, sasa hivi tu."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Alipanda Landrova ya misheni. Aliniuliza kama mtarakwa unafaa kukorogea pombe. Nikamwambia unafaa kwa sanduku la nguo, nondo wasiingie."

"Daniel!"

"Sikujua ni wewe! Alipoanza kuuliza nilidhani ni Tekla."

Nikauliza kuhusu maharage.

"Watu wanarudi kesho. Mama aliazima pipa kwa Tekla siku ileile ulipomcheka, akapika lake huko siku moja baada yako. Kesho ndiyo linaiva. Ameshaongea na Mzee Tluway."

"Kwa hiyo muda wote huu..."

"Muda wote huu."

"Na mimi nifanye nini kesho?"

Waya ukakwaruza kidogo.

"Amesema ugawe vikombe. Na usitoe maelezo."

Nikajibu kwamba nimekubali. Karani wa posta, ambaye hakuna aliyemwalika kwenye mazungumzo hayo, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba naye ameafiki.