Tarumbeta Namba 212

Jumatatu, 8 Julai

Simu imelia nikiwa nachonga ufunguo wa mteja. Polisi. Ufunguo nimeuharibu, si kitu. Tarumbeta yangu inatoka!

Kupatikana ilipatikana zamani. Mwizi aliyevunja kibanda changu mwezi wa pili alikamatwa nayo siku tatu baadaye, pamoja na pasi nne na feni za watu wengine. Tangu hapo imekuwa kielelezo. Kila nilipokwenda kuiulizia niliambiwa kesi inaendelea, kielelezo hakitoki. Sasa mwizi amefungwa na hakimu ameamuru kila mtu arudishiwe chake.

Tena kwa wakati wake hasa. Jumamosi mpwa wangu anaolewa, mtoto wa dada yangu. Tangu ana miaka saba nimemwahidi kwamba siku ya harusi atatoka nyumbani kwao tarumbeta ya mjomba ikiwa mbele. Kiongozi wa bendi yetu ameshatoa tamko: asiye na tarumbeta hatangulii. Atatangulia Mashavu, na mimi nitashika matoazi. Mashavu ndiye tarumbeta ya pili. Hupuliza kama mtu anayepoza uji.

Nimefunga kibanda, nimekwenda mbio. Anayesimamia stoo ya vielelezo ni sajini mmoja wa makamo, mwanamama, wote kituoni humwita Mama Stoo. Funguo zake huning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akanifungulia. Chumba hakina dirisha, rafu zimefika darini. Televisheni, matairi, mlango mzima wa mbao pamoja na bawaba zake. Nani huyo aliyeiba mlango? Na pale, kati ya feni na begi la shule, tarumbeta yangu, imefungwa kikaratasi: 212. Nikainyooshea mikono. Mama Stoo akasema taratibu, kwanza tulinganishe na maelezo.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maelezo.

Siku ile ya kutoa taarifa, Mashavu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, amepoteza kitambulisho. Masikio kayatega. Ningesema mbele yake kwamba nimeibiwa tarumbeta kuukuu ya shaba, iliyobonyea mahali patatu? Nilitia chumvi kidogo. Leo Mama Stoo ameisoma ile chumvi kwa sauti, miwani ikiwa puani: tarumbeta moja, mpya, ya fedha tupu, haina hata mkwaruzo, imetoka ng'ambo. Chini yake sahihi yangu, kubwa, yenye mkia.

Akaitazama 212. Akanitazama mimi. Akasema yangu bado haijapatikana, nisikate tamaa. Akafunga mlango.

Mimi ninayechonga funguo za mtaa mzima nimezuiwa na kufuli moja. Lakini sina wasiwasi. Kikwazo ni karatasi tu, na karatasi haijawahi kunishinda.

Jumanne, 9 Julai

Tarumbeta haifanani na maelezo? Basi ifanane!

Nimetia mfukoni kopo la dawa ya kung'arishia vyuma na soksi kuukuu. Nikamwambia Mama Stoo nataka kukaa nayo kidogo, pengine nitakumbuka jambo. Hakuona ubaya. Yeye akaendelea kujaza daftari lake, mimi nikasugua. Dakika arobaini. Imeng'aa ajabu. Imeng'aa njano kama sinia la harusini.

Nikamweleza kwamba fedha ya ng'ambo huwa na umanjano. Mama Stoo akavua hereni moja, akaiweka mezani kando ya tarumbeta. Akasema hii ndiyo fedha, aliachiwa na mama yake. Kisha akauliza kama dawa imebaki, maana kuna pasi nne zimeshika kutu na wenyewe wanakuja kesho.

Nimesugua pasi nne.

Kwa hesabu yangu ni ushindi. Mikono ni myeusi, lakini mimi na Mama Stoo sasa ni marafiki.

Jumatano, 10 Julai

Mpango wa leo ulikuwa mzuri kuliko wa jana. Kama mimi niliibiwa ya fedha, basi aliyeibiwa ya shaba awe mtu mwingine.

Nimeazima koti la shemeji, linanifika magotini, kofia yake na miwani yake ya jua. Nimesubiri Mama Stoo aende kula. Kaunta palikuwa na konstebo mgeni. Nikaikwaruza sauti, nikasema niliibiwa mwezi wa pili tarumbeta kuukuu, ya shaba, imebonyea mahali patatu. Kweli tupu, neno kwa neno. Konstebo aliandika kwa mwandiko safi sana. Nilijishangaa jinsi ukweli unavyonitoka vizuri nikiwa mtu mwingine.

Akaomba kitambulisho. Nikampa kitambulisho.

Changu!

Akaniomba nivue miwani. Akanilinganisha na picha, akasema sawa, ndiye wewe. Akalitafuta jina langu kwenye kitabu, akaliona. Akauliza kwa huruma, kumbe niliibiwa tarumbeta mbili? Nikasema ndiyo, mwezi ule ulikuwa mbaya.

Mama Stoo akarudi kutoka kula. Aliponiona na lile koti akauliza nani amefariki. Alipoyasoma maelezo mapya akamwambia konstebo ayapige mstari, kwa sababu mtu aliyekwisha kuisugua tarumbeta anaweza kuieleza hata akiwa usingizini. Angekuwa mtu ambaye hajaingia stoo, sawa.

Kwa hiyo kitabuni nimepoteza tarumbeta mbili, na mkononi sina hata moja. Ila koti limenipendeza. Shemeji hatalipata upesi.

Alhamisi, 11 Julai

Balaa. Mama Stoo amenipigia simu, kwa ule urafiki wetu wa pasi. Asubuhi amekuja mtu kuidai 212. Hajaingia stoo. Amesimama kaunta na kuyataja mabonyeo yote matatu: kwenye mdomo, kwenye kipindo cha bomba, na chini ya vitufe.

Nikauliza ana mashavu makubwa? Akasema makubwa sana.

Msaliti! Miaka kumi na moja amekaa kando yangu kwenye bendi, ataacha kuyajua? Yake inavuja hewa, na Jumamosi anataka kutangulia na ya kwangu. Mkuu wa kituo ameamua kutusikiliza wote wawili kesho saa nne. Saa sita hivi Mashavu akapita kibandani kwangu kwa upole wote, anataka ufunguo wa pili wa nyumba yake. Nimemchongea. Ufunguo ule hautafungua kitu chochote duniani.

Jioni nimekwenda kwa dada. Nyumba imejaa viti vya kukodi. Nikamweleza yote, hata ile chumvi. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Mpwa wangu alikuwa chumbani anajaribu viatu vya harusi, kumbe anasikia. Akatoka na kiatu kimoja mguuni, akasema, "Mjomba, hata ukija na filimbi ya bua la mahindi nitatoka na wewe." Ikabidi nitazame ukutani. Nampenda mtoto huyu. Atoke nyumbani kwao akipulizwa na Mashavu? Bora nisiende.

Ndipo dada, ambaye kusahau hakuwezi, akaanza. Kwamba tarumbeta ile imemsumbua tangu zamani. Kwamba sijamlipa mtoto kandambili yake niliyoikata kisigino, na siku ile mtoto alivyolia, na kwamba hata ahadi yenyewe niliitoa ili anyamaze tu.

Nikasimama. Nikamkumbatia. Akauliza kama nimekula.

Ijumaa, 12 Julai

Niandike upesi, kabla furaha haijapoa.

Ofisi ya mkuu wa kituo. Meza ndefu, 212 katikati. Mashavu amekuja na suti. Mimi na koti la shemeji, na dada kama shahidi. Mashavu akaanza, akayataja mabonyeo moja baada ya jingine. Mkuu akayagusa kwa kidole, yote yapo. Akaandika kitu.

Zamu yangu. Nikapiga moyo konde. Nikasema afande, maelezo yangu ya kwanza ni uongo, ya pili ni kweli ila nilikuwa mtu mwingine. Mkuu akaweka kalamu chini. Akauliza kwa nini mtu mzima adanganye kuhusu mali yake mwenyewe. Nikamwonyesha Mashavu, nikasema kwa sababu huyu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mkuu akasema anaelewa, yeye ana kaka.

Kisha akauliza tarumbeta hii ina nini ndani ambacho macho hayakioni. Mashavu akasema hewa. Mimi nikamwomba Mama Stoo afungue kitufe cha pili, kile cha kati. Akakizungusha, kikatoka. Chini yake, mahali ambapo tarumbeta nyingine huwa na kitambaa kizito, palikuwa na kiduara cha raba ya bluu, kidogo kama kifungo cha shati, chenye alama ya njano upande mmoja.

Nikasema raba hiyo niliikata kwenye kandambili ya mpwa wangu miaka kumi na mitano iliyopita. Mashavu akacheka. Akasema mtu yeyote anaweza kudai hivyo.

Dada akafungua mkoba. Akatoa kandambili ya mtoto, ya bluu, ina maua ya njano na tundu kwenye kisigino. Ameitunza muda wote huo ili anidai! Dada yangu naye ana stoo yake ya vielelezo. Mama Stoo akakichukua kiduara kwa kucha mbili, akakitia kwenye tundu. Kikakaa. Ua la njano lililokuwa pungufu likatimia.

Mashavu akasema alifananisha tu. Mkuu akamwambia akafananishie nje.

Nimeandika maelezo mapya, mistari miwili, mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika. Mama Stoo akakirudisha kiduara mahali pake, akakata kikaratasi cha 212 kwa mkasi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga. Mkuu akataka kuisikia. Nimepuliza palepale koridoni. Konstebo mgeni alicheza. Mahabusu walipiga makofi, mmoja akaomba wimbo mwingine. Nilimpa mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Nimetangulia!

Saa nne kamili mlango wa dada ukafunguliwa, na mimi nikiwa mbele ya bendi nzima, tarumbeta inang'aa kwa ile dawa ya Jumanne. Mpwa wangu akatoka. Aliponiona akaanza kulia, na mimi nikaanza. Kulia na kupuliza kwa wakati mmoja si kazi ndogo, lakini sikukosea hata mahali pamoja. Nilipuliza hadi masikio yakaziba. Mtaa mzima umetoka. Dada amecheza mpaka kilemba kikaanguka. Nilimwahidi mtoto, na nimetimiza. Sijawahi kufurahi namna hii tangu nizaliwe.

Kiongozi alikuwa amesikia habari za kituoni. Mashavu alipewa matoazi. Aliyapiga vibaya.

Jumapili, 14 Julai

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Nimekaa kitandani nikaapa: kutia chumvi basi. Shida zote za wiki hii zilitoka kwenye sentensi moja ya kujionyesha. Mtu akisema ukweli wake mara ya kwanza, haendi kaunta mara tano. Nimejisikia mwepesi.

Mchana tumekusanyika kwa dada kumalizia chakula. Baba mkubwa wa bwana harusi akanifuata nilipokaa, mzee mnene mwenye heshima zake. Akanisifu mbele ya watu. Akasema hajawahi kusikia tarumbeta ikipulizwa vile. Nikashukuru tu, sikuongeza hata neno. Nilijivunia.

Akasema Jumamosi ijayo kwake kuna sherehe ya kuwakaribisha maharusi. Akauliza kama katika bendi yetu yuko mtu anayepiga saksafoni. Mashavu alikuwa kiti cha pili, na sahani yake. Nikamwona anameza haraka, anafungua mdomo aseme kwamba anajifunza.

Nikamuwahi. Nikasema mimi, tangu utotoni.

Mzee akafurahi kupita kiasi. Akaniomba nikaichukue nyumbani wamalizie mchana na nyimbo mbili tatu. Nikasema ningependa sana, ila kwa bahati mbaya niliibiwa, imekamatwa, iko polisi kwenye stoo ya vielelezo, na kutoa kitu pale ni safari ndefu. Mashavu akaacha kutafuna.

Mzee akanipiga bega. Akasema hilo tu? Mkuu wa kituo ni shemeji yake, ameoa dada yake wa mwisho. Akatoa simu palepale, akaanza kubonyeza. Akaniuliza saksafoni yenyewe ni ya namna gani, amweleze vizuri.

Nikamtazama Mashavu. Naye ananitazama, masikio kayatega.

Nikasema ni ya dhahabu.