Harufu Nyuma ya Nyumba ya Mufti

"Serikali imesema kila Mkenya afuge nguruwe!"

Redio alitangaza hivyo hata kabla hajakaa, na Garama akapaliwa na kahawa mpaka machozi yakamtoka. Tangu Jumatatu alikuwa akijipanga jinsi ya kulianzisha neno hilo hapo kwenye mabenchi ya Iddi muuza kahawa, Ukunda. Leo alikuwa amekata shauri aseme, liwe liwalo, na huyu bwana kalimwaga barazani bila hata salamu.

Redio jina lake ni Sefu. Anauza papa mkavu, anamtoa Shimoni. Habari ikiingia sikioni mwake nyembamba hutoka mdomoni imenenepa.

"Kila Mkenya?" akauliza Boga Spana, fundi baiskeli mwenye mikono ya grisi hata siku ya Idi. "Na mimi?"

"Na wewe. Taarifa ya habari ya saa saba, nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Hata mimi nimesikia," akasema Spana. "Bwana Kilimo kasema anayetaka kufuga na afuge, kwa kuwa mahoteli yanaagiza nyama hiyo kutoka bara na sisi tunaangalia tu."

"Si ndiyo hayo niliyosema? Wewe umeyafupisha."

"Astaghfirullahi!" Mzee Suleiman akaweka kikombe chini. "Hata kahawa haijapoa mmeshanitajia mnyama huyo!"

Huyo ndiye Mufti. Hajasomea hukumu ya kitu chochote, lakini hapo barazani hakuna jambo linalopita asilihukumu. Wiki iliyotangulia alikuwa amepiga marufuku miavuli myekundu, ati inatia ng'ombe wazimu. Ulikuwa mwaka wa nne wa Uhuru na kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya kuijenga nchi, ila ya Mufti yalikuwa mengi kidogo.

Garama alimtazama, akasogeza kikombe kando. Yeye ni Mduruma wa kule Kinango, si Mwislamu, na kwa miaka minane amekunywa kahawa na watu hawa bila neno baya. Sasa hoteli moja ya Diani imekubali kununua nguruwe wake, mradi alete barua ya chifu. Na leo asubuhi chifu kamwambia waziwazi: "Jirani yako ni Mzee Suleiman. Niletee neno lake kabla ya kesho adhuhuri. Akikataa, barua huna." Bila barua, nguruwe jike na watoto wake kumi na mmoja hawana pa kwenda, na Garama, tusimfiche, alikuwa anawapenda.

"Mzee," akaanza kwa sauti ndogo, "tuseme tu, mfano, jirani yako asiye Mwislamu akifuga. Utamkataza?"

"Chakula chake si chakula changu, hilo ni lake na Mola wake. Lakini huyo mnyama anajigaragaza kwenye tope!"

"Hana jasho, Mzee. Joto likimzidi anajipaka tope, vile wewe unavyojipepea na kipepeo cha ukindu. Ukimwekea kivuli na maji, ni msafi. Hata choo anachagua pembe yake moja."

Spana akageuka taratibu. "Garama, haya umeyajuaje?"

"Nimesikia."

"Kwenye taarifa ya habari?"

"Anabeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu," Garama akaendelea, maana alikwisha kuanza na ulimi haukusimama. "Anazaa kumi, kumi na wawili. Unamtilia vijiti ukutani asije akawalalia watoto. Anakula machicha ya nazi, pumba, maganda ya muhogo. Na mbolea yake! Mahindi yangu ya mwaka huu si mliyasifu wenyewe?"

Iddi alikuwa akimimina kahawa, akaendelea kumimina mpaka ikafurika kwenye kisahani.

"Mahindi yako?" akasema Redio.

"Wacheni mchezo," Mufti akacheka. "Garama ana banda la mbuzi pale nyuma. Angekuwa na mnyama yule hatua mia mbili kutoka kwangu, ningejua siku ya kwanza. Pua hii haidanganyiki! Si ndiyo iliyomkamata Redio na papa wake?"

"Usinikumbushe, Mzee!" Redio akaruka. "Umenihamisha stoo mara mbili! Mara ya kwanza nikasogea mpaka kisimani. Ukasema bado nanuka. Nikapeleka papa wangu kule barabarani, sasa nikimtaka samaki mmoja natembea mpaka viatu vinalalamika!"

"Na harufu ilianza lini, Mzee?" Garama akauliza.

"Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idi."

Garama akafumba macho. "Mzee, nisamehe. Nguruwe wangu nilimleta siku chache baada ya Idi."

Kelele iliyozuka hapo iliwatoa watu msikitini, wallahi, au karibu na hapo. Redio alikuwa wima juu ya benchi. "Papa wangu! Papa wangu amehukumiwa bure! Amefungwa miezi mitano kwa kosa la nguruwe!"

"Nguruwe hanuki hivyo!" Garama akajitetea. "Nafagia banda asubuhi na jioni! Ni makombo ya hoteli. Jumanne na Jumamosi wananipa vichwa vya samaki, navichemsha kwenye pipa, kwa sababu ukimlisha vibichi utamletea maradhi. Hiyo ndiyo harufu."

"Vichwa vya samaki?" Mufti akainua kidole, uso ukamchangamka. "Kwa hivyo nilinusa samaki! Nilisema samaki, na ni samaki. Mmeona? Pua haikukosea, ilikosea nyumba tu."

"Basi nguruwe hujamsikia hata siku moja," akasema Spana.

"Hata siku moja," Mufti akakubali kwa fahari, halafu akagundua alipofika.

Garama akaona mlango umefunguka, naye kwa unyenyekevu wote akajaribu kuupanua. "Mzee, mimi nataka neno lako jema tu kwa chifu. Na hilo pipa nitalihamisha. Kesho asubuhi nalipeleka ng'ambo ya shamba, harufu hutaisikia tena maisha."

"Nani kakwambia ulihamishe?"

Wote wakamgeukia. Mufti akakohoa.

"Nasema, usijisumbue. Pipa zito. Jirani ni kuvumiliana."

"Mzee," Redio akashuka kwenye benchi polepole, "papa wangu umemfukuza mara mbili. Mara ya tatu harufu ikarudi vilevile, na hukuniambia kitu. Nikashangaa."

"Nilikuhurumia."

"Mke wangu aliniambia," Spana akasema huku akifuta mikono, hana haraka, "kwamba Bi Mwanasha wako anasikitika sana. Ati Jumanne na Jumamosi harufu inakukosesha usingizi, maskini, mpaka unakwenda kulala Tiwi."

"Kifua changu hakiwezi harufu ile."

"Pole, Mzee. Tiwi unalala kwa nani?"

Mufti akatazama kikombe. Akatazama barabara. Iddi muuza kahawa, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchangia hata neno moja, akasema, "Nimesikia kuna nyumba mpya kule, mabati matupu. Na bibi harusi mwenyewe kijana."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanangoja, na kucheka kungechelewesha mambo. Garama peke yake alimwonea huruma, maana alijua yeye mwenyewe jinsi ilivyo kazi kufuga kitu kwa siri.

Mzee Suleiman akatafuta viatu vyake kwa miguu, akavivaa, akasimama, akajikung'uta kanzu.

"Garama, mwanangu, inuka. Twende kwa chifu sasa hivi, kabla hajafunga ofisi." Akapiga hatua mbili, akarudi, akamwinamia sikioni. "Na hao wa hoteli, hawawezi kukupa vichwa na Alhamisi?"