Hisa za Kaa Hazijashuka, Zimepumzika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Mpito ya Mfuko wa Hisa za Kaa wa Delta. Masheikh wetu na wachungaji wetu. Walimu na wauguzi mliotoka bara kuja kutuhudumia. Wavuvi na wakata mikoko mliopanda boti tangu alfajiri. Wenyeji wetu wa Mtawanya. Wanahisa wote kwa ujumla wenu, itifaki imezingatiwa. (Makofi hafifu.)

Mimi Nicolaus, Mratibu Mkuu wa Mfuko huu, nimesimama mbele yenu kufuatia taarifa zisizo rasmi kwamba hisa moja ya kaa tunaowanenepesha, ambayo msimu uliopita ilikuwa sawa na gunia zima la ufuta, wiki hii haifiki hata debe, na kwamba baadhi yenu mmeingiwa na paniki mnataka mrudishiwe ufuta wenu, hali ambayo sisi wataalamu tunaiita saikolojia hasi ya mwekezaji, na kwa Kiswahili chepesi ni roho ndogo. (Kicheko, kisha minong'ono.) Tathmini yangu, niliyoifanya mimi na kuipitisha mimi, inaonesha kuwa asilimia mia na nne ya hofu yote huletwa na watu wanaouliza maswali.

Ndugu zangu, nyinyi ni watu wa maji! Bamvua likija, maji yanajaa mpaka yanaingia mikokoni. Yakija maji mafu, yanalala. Nani kati yenu aliwahi kuuza mtumbwi wake kwa sababu ya maji mafu? (Sauti nyingi: "Hakuna!") Basi soko letu halijaporomoka, limo katika mchakato wa maji mafu, na projeksheni zetu zinaonesha bamvua kubwa linakuja. Bwana Sufiani, mvuvi mzoefu, jana tu ameongeza hisa. Simama wakuone! (Sufiani: "Nasubiri bamvua, Mratibu! Wote tunasubiri!" Makofi makubwa.)

(Bi Mwanamina, mkulima wa hapa Mtawanya, anasimama bila kupewa nafasi.) Naona mama yangu ana jambo. Shikamoo, mama.

("Marahaba. Maji mafu tunakwenda pwani tunayaona, baba. Hao kaa wako wapi? Nilikupa magunia sita ya ufuta, ufuta wa kununulia bati. Masika hayo yanaingia, wajukuu zangu wanalala chini ya turubai!")

Mama, nakuheshimu sana, lakini kaa anayetazamwatazamwa anakonda! (Sufiani: "Kweli kabisa!") Haraka haraka haina baraka. Tunaposema Kaa Mnono, nyinyi mnaitikia "Tulia!" Kaa Mnono! ("Tulia!") Roho ndogo! ("Ishindwe!")

Kwa kumalizia, mtovu wa shukrani si muungwana. Namshukuru Mzee Kibwana, aliyetuazima kaa wa kupiga naye picha ya kwenye bango, kisha akamla. Namshukuru Bwana Sufiani, ambaye faida yake ya kwanza ilitoka kwenye ufuta wa wenzake, akaitangaza visiwa vyote bila kutudai hata nauli. Naishukuru Bodi kwa uzalendo wa kuniongezea posho, kiasi kwamba haikubaki hata senti ya kununulia kaa mmoja. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Mwanamina: jukwaa hili linalotukinga jua sisi viongozi limeezekwa kwa bati zilizotokana na magunia yake sita. Mpigieni makofi!

(Hakuna anayepiga. Watu wote wanatazama juu.)

Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Bi Mwanamina: "Asante na wewe, baba. Fundi Swalehe, lete ngazi na nyundo. Anza na zile za juu ya kichwa chake.")